Acheni Kuhesabu Makamanda Waliouawa

Kila kamanda wa al-Shabaab anapouawa kwa kombora, narushiwa swali lile lile: sasa vita vya Somalia vimebakiza muda gani? Huliuliza watangazaji, huliuliza wanasheria, hata maofisa wastaafu ambao wangepaswa kujua zaidi. Swali hilo linachukulia kwamba pande mbili zinagombea ushindi wa aina moja. Si kweli.

Serikali ya Mogadishu na majirani walioisaidia kwa majeshi wana deni kubwa kwa wananchi: barabara ipitike, mahakama ifanye kazi, mtu alale bila hofu. Likikosekana hata moja kati ya hayo, serikali huonekana imeshindwa. Al-Shabaab nayo inataka dola ya kidini, lakini haijajiwekea tarehe. Kwa leo inatosha kundi liwepo, wafanyabiashara waendelee kulilipa, na wananchi wa Kenya na Uganda wachoke kupokea majeneza ya askari wao.

Ndiyo maana imani ya kwamba nyoka akikatwa kichwa amekwisha inaniudhi. Mei 2008 Marekani ilimuua Aden Hashi Ayro, kamanda wa kundi hilo. Wengi wakashangilia. Julai 2010 mabomu ya al-Shabaab yaliua zaidi ya watu 70 mjini Kampala, wakiwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia. Septemba 2014 akauawa Ahmed Godane, kiongozi mkuu mwenyewe, na tukaambiwa safari hii ni kweli. Siku chache tu baadaye alitangazwa mrithi, Ahmed Umar. Aprili 2015 kundi hilo liliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, na Januari 2016 likavamia na kuiteka kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia. Sidai kwamba kifo cha Godane ndicho kilicholeta Garissa. Ninachosema ni kwamba hakikuizuia.

Kingeizuiaje? Kundi hili haliishi kichwani mwa mtu mmoja. Lina baraza, lina idara ya ujasusi iitwayo Amniyat, lina watoza ushuru. Lori la mizigo likilipa kwenye kizuizi chao, dereva hupewa risiti inayomvusha vizuizi vyao vingine. Kwenye vizuizi vya askari na wanamgambo wa upande wa serikali anaweza kutozwa tena na tena. Waagizaji wa bidhaa bandarini Mogadishu, mji ambao kundi liliondoka Agosti 2011, wanalipa pia. Wakazi wa mji huo huo wenye kesi za ardhi husafiri hadi kwenye mahakama za al-Shabaab, kwa sababu hukumu ya huko hutekelezwa. Kombora gani litapiga risiti? Kombora gani litafuta hukumu?

Kuua kamanda kuna faida, nakubali: kunavuruga mpango uliokuwa mezani na kuwalazimisha wenzake wajifiche. Lakini faida hiyo ni ya majuma machache, na serikali isiyo na cha kuingiza katika majuma hayo imepoteza nafasi.

Kuhesabu miji iliyokombolewa ni kosa la aina hiyo hiyo. Mwaka 2022 koo za mkoa wa Hiraan zilichoka na unyanyasaji wa al-Shabaab, zikachukua silaha pamoja na jeshi, na eneo kubwa la katikati ya nchi likakombolewa. Huo ulikuwa ushindi halisi, kwa kuwa wenyeji wenyewe ndio walioukataa utawala ule. Mji wa Adan Yabaal ulikombolewa Desemba mwaka huo. Aprili 2025 al-Shabaab wakaurudia.

Basi kifanyike nini? Haya ndiyo yanayojulikana kufaa. Askari walipwe mshahara kwa wakati, la sivyo watajilipa barabarani. Usiteke mji usio na watu wa kuulinda. Hakimu na polisi waingie nyuma ya jeshi, wiki ile ile. Fedha za kundi zifuatwe bandarini na benki, na mfanyabiashara anayekataa kulipa apewe ulinzi, asiachwe auawe. Anayejisalimisha apokelewe na ahadi aliyopewa itimizwe. Huku Kenya, polisi waache misako ya kukamata vijana ovyo Lamu, Garissa na Eastleigh, maana wazazi wa vijana hao ndio wenye habari tunazozihitaji. Mazungumzo nayo yatakuja, lakini kundi linalokusanya ushuru bila shida halina haraka ya kukaa mezani; kwa hiyo ushuru huo ndio wa kuanza nao.