Perege wa Magadi: Samaki aliyeletwa Nakuru kula mbu

HADI miaka ya 1950, Ziwa Nakuru halikuwa na samaki. Maji yake yalikuwa makali kwa magadi na chumvi kiasi kwamba samaki wa kawaida kutoka mitoni hawangeweza kuishi humo. Waliotawala ziwa hilo ni heroe, ambao hula mwani mdogo unaoyapa maji rangi ya kijani.

Hali hiyo ilibadilika samaki mdogo kutoka Ziwa Magadi, kusini mwa Bonde la Ufa, alipoletwa Nakuru. Shabaha ilikuwa kupunguza mbu, kwa matumaini kwamba angekula viluwiluwi vyao. Aliletwa zaidi ya mara moja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakita mizizi.

Leo ziwa hilo lina pia tilapia wa aina nyingine, na watu wengi huwaita wote kwa jina moja. Hata hivyo, kuwatofautisha si kazi ya wasomi wa maabara pekee. Hatima ya perege wa Magadi, na usalama wa mlo wa wakazi wa mji wa Nakuru, vinahusiana na jambo hilo.

Jina lililohamahama

Perege wa Magadi ni wa familia ya Cichlidae, moja na ngege anayevuliwa katika Ziwa Victoria. Mtaalamu George Albert Boulenger, aliyehudumu katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1912 na kumpa jina Tilapia grahami.

Wakati huo takriban samaki wote wa namna hiyo waliwekwa katika jenasi moja ya Tilapia. Baadaye wataalamu waliwagawa kwa kuzingatia jinsi wanavyolea watoto. Wale ambao jike hubeba mayai kinywani walitengwa na wale wanaotaga chini na kuyalinda hapo. Jike wa perege wa Magadi hubeba mayai na vifaranga kinywani, baada ya dume kuchimba kiota na kumvutia hapo. Hivyo aliwekwa katika jenasi ya Oreochromis.

Mwaka 1999, Lothar Seegers na wenzake walipendekeza kwamba samaki wa maji ya magadi wawe na jenasi yao, Alcolapia. Ina spishi nne: grahami wa Magadi, na alcalica, latilabris na ndalalani wanaohusishwa na Ziwa Natron, lililoko zaidi upande wa Tanzania. Yapata miaka 10,000 iliyopita Magadi na Natron yalikuwa ziwa moja kubwa. Lilipokauka, samaki walisalia katika vidimbwi vinavyolishwa na chemchemi za maji moto.

Mjadala haujafungwa. Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba kundi hilo limechipuka ndani ya ukoo wa Oreochromis wenyewe, na wapo wataalamu wanaoona lirejeshwe huko.

Mwili wa kustahimili magadi

Huko Magadi, samaki huyu huwa na urefu wa takriban sentimita 10 au chini ya hapo. Maji anamoishi yana kiwango cha pH cha karibu 10, na penye chemchemi joto hupita nyuzi 40.

Samaki wengi hutoa uchafu wa mwilini kama amonia, ambayo hupenya kwenye mashavu wanayopumulia na kuingia majini. Katika maji ya magadi njia hiyo huziba, na amonia ingejilimbikiza mwilini na kuua. Perege wa Magadi huigeuza kuwa yurea, sawa na afanyavyo binadamu, kisha akaitoa bila madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulithibitisha kwamba hutegemea njia hiyo kikamilifu, jambo lisilo la kawaida kwa samaki wanaoishi majini muda wote.

Hewa nayo ni tatizo. Usiku oksijeni katika vidimbwi hupungua mno, naye hupanda juu na kumeza hewa, huku kifuko chake cha hewa kikifanya kazi inayokaribia ya pafu.

Kutoka mbu hadi mwari

Nakuru samaki huyo alipata chakula tele, kwani hula mwani ule ule unaoliwa na heroe. Idadi yake iliongezeka haraka, na ndege wanaokula samaki wakafuata, hasa mwari weupe.

Mwari hao huvua Nakuru na kuzalia katika visiwa vya mawe vya Ziwa Elmenteita, kusini mashariki. Mtafiti Ekkehard Vareschi, aliyelichunguza Ziwa Nakuru katika miaka ya 1970, alionyesha jinsi samaki mmoja mgeni alivyofungua mkondo mpya wa chakula: kutoka mwani hadi samaki, na kutoka samaki hadi mwari.

Maji yapungua ukali

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda. Ziwa Nakuru lilitanuka kutoka takriban kilomita 40 za mraba hadi zaidi ya 60, likameza lango kuu la zamani la mbuga na kufurusha wakazi wa kando yake. Maji ya mvua na ya mito yaliyazimua magadi, na heroe wengi wakahamia kwingine, likiwemo Ziwa Bogoria.

Ukali wa maji ndio uliokuwa ngome ya perege wa Magadi. Ulipopungua, tilapia wa maji matamu, akiwemo Oreochromis niloticus mwenye mwili mkubwa, waliweza kuingia na kustawi. Tilapia wa spishi tofauti wanajulikana kwa kuzaana wao kwa wao, na ndiyo sababu wataalamu hujali ni spishi ipi hasa iliyomo ziwani.

Kwa mlaji, swali ni jingine. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Uchafu unaoteremka kutoka mjini na mashambani hubaki humo, na watafiti wamegundua madini mazito katika tope lake. Uvuvi ndani ya mbuga ni kinyume cha sheria, na mamlaka zimewahi kuwaonya wakazi dhidi ya kula samaki wa ziwa hilo.

Hata akitoweka Nakuru, perege huyo hatakuwa ameangamia, maadamu Magadi ipo. Lakini makao yake ya asili ni vidimbwi vichache pembezoni mwa ziwa linalochimbwa magadi tangu enzi za ukoloni, na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemworodhesha miongoni mwa spishi zinazokabiliwa na hatari ya kuangamia. Chemchemi hizo zikikauka au kuchafuliwa, hakuna ziwa jingine alikozaliwa.