Daftari Lisilo na Mwenyewe

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi blokucheni inavyoongozwa na kugharimiwa, maana wengi wameandika juu ya faida ipatikanayo humo, na wachache juu ya mambo hayo mawili.

Blokucheni ni daftari la hesabu lenye nakala nyingi, zilizotapakaa katika kompyuta za watu wasiojuana. Kila fungu jipya la maandiko hufungamanishwa na lililotangulia, hata asiweze mtu kubadili la zamani pasipo kuonekana. Kinachowaunganisha wote ni kanuni za uandikaji. Mfano wetu ni Bitcoin, iliyoelezwa mwaka 2008 na mwandishi aliyejiita Satoshi Nakamoto, ikaanza Januari 2009.

Kanuni hizo zimeweka ujira wa waandikao mafungu mapya, waitwao wachimbaji. Hapo mwanzo kila fungu lilileta sarafu 50; ujira hupungua nusu kila baada ya mafungu 210,000, na tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125, pamoja na ada za wanaotuma fedha. Lakini mafundi wanaoitunza programu yenyewe hawakuwekewa kitu. Wala kazi yao si ndogo: Septemba 2018 lilisahihishwa kosa ambalo lingaliweza kumruhusu mchimbaji kuzidisha sarafu kinyume cha kanuni.

Mafundi hao hutegemea hisani. Bitcoin Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2012, iliwalipa baadhi yao. Ilipopungukiwa fedha, chuo cha MIT huko Marekani kikawachukua watatu mwaka 2015. Baadaye makampuni na wafadhili wengine wakachangia. Zcash, iliyoanza mwaka 2016, ilishika njia nyingine: kwa miaka minne ya kwanza sehemu 20 katika kila 100 za sarafu mpya zilitengwa kwa waanzilishi na wenzao. Njia hiyo yaleta uhakika wa fedha, lakini yazua swali: nani apokee, na kwa muda gani?

Ama kubadili kanuni za Bitcoin, yeyote aweza kuandika shauri, nalo hujadiliwa hadharani. Lakini halina nguvu mpaka wachimbaji na wenye nakala wakubali kutumia programu mpya. Mwaka 2017 watu walishindana juu ya ukubwa wa mafungu. Tarehe 1 Agosti waliotaka mafungu makubwa wakajitenga na daftari lao, Bitcoin Cash. Hapakuwa na hakimu wa kuwaamua.

Hapa pana neno la kufikiriwa na wafasiri. Tukiliita jambo hili "utawala", neno lenyewe ladai mtawala na mtawaliwa, na humu hamna amri ya namna hiyo. "Maafikiano" lafaa zaidi, ila nalo laficha jambo moja: amlipaye fundi aweza kuelekeza kazi ipi itangulie, ijapokuwa hawezi kulazimisha ikubaliwe. Basi aelezaye uongozi wa daftari hili bila kumtaja mlipaji, ameeleza nusu tu.