Mnyonya Damu Asiyeogopa Msalaba

Ndugu msomaji, hapana shaka umepata kusikia habari za mumiani. Wakati wa ukoloni, katika miji ya Afrika Mashariki, walikuwapo watu walioapa kwamba wazima moto ndio wanaokamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Ulaya nayo ina mumiani wake: mfu atokaye kaburini usiku, anyonyaye damu ya walio hai, na akimbiaye aonapo msalaba. Mwaka 1897 mwandishi Bram Stoker, mzaliwa wa Ireland, alimpa mfu huyo jina la Dracula, na tangu hapo vitabu na sinema havijampa nafasi ya kupumzika.

Je, umepata kujiuliza itakuwaje endapo mfu huyo ni Myahudi? Msalaba utamtisha kwa lipi?

Swali hilo liliwavunja watu mbavu mwaka 1967 katika sinema ya Roman Polanski iitwayo The Fearless Vampire Killers. Ni kisa cha mapenzi. Kijana mwoga, msaidizi wa profesa mzee, anampenda Sarah, binti wa mwenye nyumba ya wageni huko milimani. Binti anatekwa na bwana wa ngome, mkuu wa wanyonya damu. Baba yake, mzee Shagal, ambaye ni Myahudi, anang'atwa na kufa, kisha anafufuka akiwa mnyonya damu naye. Usiku anamnyemelea mtumishi wa kike. Mtumishi anamwinulia msalaba. Shagal anacheka na kumjulisha kwamba safari hii amekosea mnyonya damu!

Mzaha hauishii hapo. Shagal anapotaka kulaza jeneza lake katika chumba kizuri cha wafu wakubwa, anatupwa nje na kupelekwa zizini penye baridi. Hata kwa wafu, Myahudi hana pa kulala.

Mwaka 1979 ilitoka Love at First Bite. Humo Dracula anafukuzwa katika ngome yake Rumania, anahamia New York na kumpenda msichana wa maonyesho ya mavazi. Mpinzani wake ni daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Rosenberg, mjukuu wa yule Van Helsing, adui wa Dracula. Daktari anataka kumfukuza kwa ishara takatifu, lakini anachomoa Nyota ya Daudi badala ya msalaba. Dracula hatikisiki, anamshauri daktari ajitafutie msichana mwema wa Kiyahudi. Mwishoni msichana anamchagua Dracula, nao wanaruka wakiwa popo.

UZUSHI WA DAMU

Msomaji utasema haya ni mambo ya kuchekesha tu. Ndiyo, lakini kicheko hiki kina mizizi mirefu. Mwaka 1144 mtoto mmoja alikutwa amekufa karibu na mji wa Norwich, Uingereza, na Wayahudi wakasingiziwa kwamba wamemuua kwa ajili ya ibada. Karne iliyofuata uzushi ukaongezwa chumvi, kwamba wanatumia damu ya watoto wa Kikristo. Kwa uzushi huo watu wengi waliuawa. Huko Kiev, Mendel Beilis, mfanyakazi wa kiwanda cha matofali, alikamatwa mwaka 1911 na kukaa gerezani zaidi ya miaka miwili, hadi wazee wa baraza walipomwona hana hatia mwaka 1913.

Ajabu ni kwamba sheria ya Wayahudi inakataza kabisa kula damu. Ingia katika jiko la mama Myahudi ashikaye dini: nyama hulowekwa majini nusu saa, kisha hupakwa chumvi na kuachwa saa nzima ili damu itoke. Yai lenye tone la damu hutupwa. Basi watu hao ndio walioitwa wanyonya damu!

Kesi ya Beilis ilipokuwa ikisubiriwa, Sholem Aleichem, bingwa wa ucheshi katika lugha ya Kiyidi, aliijibu kwa riwaya. Wanafunzi wawili, Mkristo na Myahudi, wanabadilishana majina na vyeti. Mkristo anampenda binti wa nyumba ya Kiyahudi anamopanga, na baadaye yeye ndiye anayeshitakiwa kwa uzushi wa damu. Mapenzi, damu na kicheko vilikwisha kukutana.

Polanski naye hakuufanyia mzaha msiba wa jirani. Alikulia Poland chini ya Wanazi, na mama yake aliuawa Auschwitz.

Sisi tunao utani wetu. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata matangani, na kila mmoja humcheka mwenziwe. Shagal hutumia njia nyingine: huvaa mwenyewe vazi la kutisha aliloshonewa na maadui, akacheza nalo mbele ya watu, mpaka wakaona jinsi lisivyomkaa mwilini.

Usidhani uzushi wa namna hiyo umezikwa. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi ya raia kwa uvumi wa wanyonya damu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapocheka na wanao mbele ya sinema ya Dracula, cheka kwa furaha. Lakini utakaposikia mtaani kwamba fulani ananyonya damu, usicheke wala usikimbilie rungu. Uliza kwanza ni nani aliyeona.