Ndege ndani ya gereji: furaha na machozi ya mtu anayejiundia ndege

Kwa muda wa miaka saba gari la mwenzetu mmoja anayeishi katika jimbo la Texas, Marekani, lililala nje, likipigwa jua na mvua ya mawe. Si kwamba hakuwa na gereji. Gereji alikuwa nayo, tena ya magari mawili, lakini ndani yake mlikuwa na ndege.

Ndege kweli, ndugu msomaji, wala si ya kuchezea. Ya viti viwili, mwili wa alumini, injini moja mbele. Ametuomba tusilitaje jina lake kwa sababu, alivyotuambia huku akicheka, mama yake kule Tanga alikuwa akiamini kuwa mwanawe anaunda boti.

Kwa Marekani jambo hili ni halali. Mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, FAA, inamruhusu mtu kujiundia ndege kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na mikono ya watu wasiolipwa kwa kazi hiyo. Wapo maelfu. Chama chao kikubwa, EAA, kiliasisiwa na Paul Poberezny katika jimbo la Wisconsin mwaka 1953, na kila mwezi wa Julai wanachama hukusanyika Oshkosh kuonyeshana walichokiunda. Wengi hununua vipande kutoka kiwandani na kuviunganisha nyumbani, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Saa 2,000 za kazi si jambo la ajabu.

Habari zao hutufikia mara kwa mara. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling, iliyobuniwa huko huko Johannesburg, wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, safari ya kilomita 12,000 hivi. Mwaka 2022 magazeti ya Uingereza yalimwandika Ashok Thamarakshan, mhandisi mwenye asili ya Kerala, India, ambaye alijiundia Sling yake wakati wa Korona na kuipa jina la binti yake. Habari za namna hiyo husomeka tamu, kwa kuwa mwandishi hufika siku ya kuruka. Sisi tulifika siku nyingine.

Mara ya kwanza kumtembelea ilikuwa mwaka 2017, masanduku yamewasili karibuni. Mwenzetu alikuwa kama bwana harusi. Alitushikisha kipande kimoja kimoja cha mkia, akatufundisha kupiga ribiti: mmoja anashika nyundo ya upepo upande huu, mwingine anakaza kipande cha chuma upande wa pili, na ole wake atakayeteleza. Tulipiga tatu. Mbili alizing'oa tulipoondoka, kama tulivyokuja kujua baadaye. Mkia ulimalizika kabla ya mwaka kuisha, na jamaa wa mtaani walioalikwa kuutazama wakaibatiza ndege jina la Safina, kwa vile inaundwa mbali na maji yake. Kuhusu gharama, alipotaka kututajia, shemeji alikuwa jikoni akisikiliza, basi akanyamaza.

Mabawa ndiyo yaliyomwonyesha cha mtema kuni. Matangi ya mafuta yamo ndani ya mabawa, na kila ribiti hupakwa ulimbo mweusi unaonata kwenye vidole, nywele na kitasa cha mlango. Ukimaliza, unaziba matundu yote, unafunga puto kwenye mdomo mmoja na kujaza upepo kidogo, kisha unalala. Puto likiamka limesimama, tangi ni zima. Mwenzetu alituambia kuwa aliamka saa 10 alfajiri na kwenda gereji na tochi, kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa. Puto lilikuwa limelala chini. Alipaka maji ya sabuni akitafuta povu, akaziba, akarudia. Puto likalala tena. Ilimchukua wiki sita kulipata tundu dogo kuliko ncha ya sindano.

Halafu ikaja siku ya boriti. Ilikuwa mwaka 2020, amechoka, ametoka kazini usiku, na alitaka kumaliza shimo moja tu kabla ya kulala. Drili ikateleza. Shimo likakaa ukingoni mwa boriti kuu ya bawa, pahala ambapo hakuna kiraka wala msamaha. Sehemu hiyo ilibidi iagizwe upya. Alitandika shuka juu ya bawa, akazima taa, akafunga mlango. Hakuufungua kwa miezi mitano.

Tulipompigia simu siku hizo alizungumzia kila kitu isipokuwa ndege. Shemeji ndiye aliyetusimulia baadaye. Alimwambia, "Baba watoto, ukiiuza leo sitakulaumu. Lakini ukiimaliza kwa hasira, mimi na wanao hatupandi."

Maneno hayo, kwa maoni yetu, yana uzito kuliko hotuba nyingi tulizozisikia juu ya usalama. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa utafiti wake mwaka 2012 kuhusu ndege za kujiundia. Ndege hizo zilikuwa kama asilimia 10 ya ndege zote za kiraia zisizo za mashirika, lakini mwaka 2011 zilihusika katika asilimia 21 ya ajali zilizoua watu. Ajali nyingi zilitokea ndege ikiwa bado changa, na sababu kubwa zilikuwa injini kupoteza nguvu na rubani kushindwa kuimudu. Ukiongea na waundaji wenyewe watakueleza jambo jingine: fedha na muda vyote huingia gerejini, na kwa miaka mingi mtu huwa hajashika usukani wa ndege yoyote. Siku Safina inapokuwa tayari, nahodha amepata kutu.

Mwenzetu aliurudia mlango wake mwishoni mwa mwaka ule. Alibandika karatasi juu ya swichi ya taa: hakuna drili baada ya saa 3 usiku. Mwezi Desemba 2023 kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, ambayo zaidi ya ndege 11,000 zilizoundwa na wateja wake zimekwisharuka, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, na waliokuwa wametoa arubuni wakakesha bila usingizi hadi kampuni ilipotoka katika hali hiyo mwaka 2024. Bahati yake, vipande vyake vyote vilikuwa vimekwishafika.

Mkaguzi alitia saini mwezi wa Septemba 2024. Hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa mwisho, ugomvi wa yeye na nafsi yake: nani atairusha kwanza? Mzee mmoja wa uwanja mdogo wa pale, rubani wa miaka mingi, alijitolea. Mwenzetu alikataa kwa wiki tatu. "Miaka saba," alitwambia, "halafu mtu mwingine ndiye aondoke nayo?" Usiku mmoja alifungua daftari lake la urubani, akatafuta tarehe ya mwisho aliyoruka peke yake. Asubuhi alimpigia mzee simu.

Tulikuwepo. Alisimama kando ya njia ya kurukia ameshika redio mkono mmoja na mtungi wa kuzimia moto mkono wa pili. Ndege iliinuka mapema kuliko tulivyotarajia. Kwa dakika 25 hakusema neno. Iliposhuka, kabla hata ya kumsalimu mzee, alilala chali chini ya injini na kuona tone moja la mafuta. Akatoka huko na uso umelowa, akaomba spana.

Jioni alimpigia mama yake na kumweleza ukweli wote. Kulikuwa na kimya kirefu upande wa Tanga. Kisha mama akauliza, "Na kule juu unashikilia nini?"

Baada ya kujifua kwa wiki kadhaa na mwalimu kwenye ndege ya aina ile ile, sasa anairusha mwenyewe. Kibali chake kinamtaka amalize saa 40 za majaribio kabla ya kumpakia abiria. Zimebaki 31. Shemeji ameziandika kwenye mlango wa friji.