Kupunguza uzito kwa pamoja: mashindano huanzisha, jumuiya hudumisha

Kwa miaka mingi majarida ya maendeleo kama hili yamejaa habari za utapiamlo unaotokana na uhaba wa chakula, na ndivyo ilivyostahili. Tatizo hilo halijaisha. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kwa hiyo mjumbe wa kamati ya parokia au mfadhili wetu ana haki ya kuuliza: kwa nini leo tuzungumzie watu kupunguza uzito?

Jibu ni kwamba tatizo la pili limeingia katika vijiji na mitaa ileile. Tafiti za aina hiyo zilionyesha kuwa wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na walifikia asilimia 28 mwaka 2015/16. Nchini Kenya walikuwa asilimia 33 mwaka 2014. Uzito huo huchangia kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu na kiharusi. Gharama yake haiishii kwa mgonjwa. Familia hulipa dawa na nauli ya kliniki mwezi hadi mwezi, na mgonjwa akilazimika kukatwa mguu ni jumuiya inayochangishwa.

Ugumu wa kupungua peke yako

Ushauri wa hospitali hutolewa kwa mtu mmoja: punguza mafuta, punguza sukari, tembea. Mtu huyo hurudi nyumbani kwenye chungu kimoja na watu wengine saba. Akienda ugenini, kukataa sahani ya pili ni kumvunjia heshima mwenyeji. Akianza kupungua, majirani huulizana pembeni anaumwa nini, maana kumbukumbu ya miaka ya mwanzo ya UKIMWI bado ipo. Mama aliyeolewa akikonda, lawama humfikia mume kwamba hamtunzi.

Mambo hayo yote ni ya kijamii. Tunakula kama watu wanaotuzunguka wanavyokula, na tunaogopa macho yao. Ndiyo maana dawa yake nayo inapaswa kuwa ya kijamii. Watu kumi wa jumuiya moja wakipungua kwa pamoja, tena kwa tangazo lililosomwa kanisani, hakuna wa kunong'onwa.

Mifano ya Marekani

Tarehe 31 Desemba 2007 Meya wa jiji la Oklahoma City, Mick Cornett, alitangaza kwamba jiji lake linaanza kupunguza uzito, na lengo ni pauni milioni moja kwa jumla, yaani kama kilo 450,000. Yeye mwenyewe alikuwa mshiriki. Watu wapatao 47,000 walijiandikisha. Makanisa na sehemu za kazi ziliunda makundi, na lengo likafikiwa Januari 2012. Tukumbuke kuwa takwimu hizo zilitolewa na washiriki wenyewe. Jambo kubwa zaidi ni kwamba jiji zima lilianza kuzungumzia uzito bila aibu.

Mwaka 2011 Kanisa la Saddleback huko California, likiongozwa na Mchungaji Rick Warren, lilianzisha Mpango wa Danieli. Maelfu ya waumini walijiunga kupitia vikundi vyao vidogo vya sala, ambavyo havitofautiani sana na jumuiya zetu ndogo ndogo. Katika mwaka wa kwanza waliripoti kupungua jumla ya pauni 250,000, sawa na kilo 113,000 hivi. Jina la mpango lilitokana na sura ya kwanza ya Kitabu cha Danieli. Humo Danieli na wenzake watatu wanaomba wapewe mboga na maji kwa siku 10, kisha walinganishwe na vijana wengine. Angalia kwamba Danieli hakufunga peke yake, na tena ulikuwapo ulinganisho. Zaidi ya hayo, Biblia inasema walitoka wakiwa wamenawiri na wamenenepa kuliko wenzao. Lengo lilikuwa afya, si wembamba.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wafanyakazi 105 wa hospitali moja ya Philadelphia, kwa wiki 24. Baadhi yao waliahidiwa dola 100 kila mwezi, kila mtu kwa lengo lake. Wengine waliwekwa katika makundi ya watu watano, na kila kundi likaahidiwa dola 500 za kugawanywa kati ya wale tu waliofikia lengo. Wa aina ya kwanza walipungua wastani wa kilo 1.7, wa makundi kilo 4.8. Washiriki wa makundi hawakufahamiana. Kwa hiyo ushindani peke yake una nguvu ya kumwondoa mtu kitini.

Lakini kumwondoa kitini si kumfikisha. Utafiti wa Rena Wing na Robert Jeffery wa mwaka 1999 ulilinganisha waliojiunga na mafunzo ya kupunguza uzito peke yao na waliojiunga pamoja na marafiki watatu na kufundishwa kusaidiana. Miongoni mwa waliokuja peke yao, asilimia 76 walimaliza mafunzo ya miezi minne, na miezi sita baadaye ni asilimia 24 tu waliokuwa hawajarudisha uzito. Waliokuja na marafiki walimaliza kwa asilimia 95, na asilimia 66 walidumu.

Upo pia mfano wa kutisha. Kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho The Biggest Loser, kilichoanza mwaka 2004, kiliwashindanisha watu wanene kwa mazoezi makali na zawadi kubwa ya fedha. Mwaka 2016 watafiti walieleza hali ya washiriki 14 wa msimu mmoja baada ya miaka sita. Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58, kisha wakarudisha kilo 41. Wanne walikuwa wazito kuliko siku walipoanza. Miili yao ilikuwa imepunguza matumizi ya nguvu, kana kwamba bado inajihami dhidi ya njaa.

Hivyo basi, mashindano ni kwa ajili ya kuanza, na jumuiya ni kwa ajili ya kudumu. Parokia ikichukua la kwanza na kuacha la pili, itavuna picha nzuri za jarida na kisukari kilekile.

Jinsi ya kuendesha

1. Timu. Kila jumuiya itoe timu ya watu watano hadi wanane wanaokaa karibu, ili waweze kutembea pamoja. Dakika 150 kwa wiki zinatosha, yaani nusu saa kwa siku tano.

2. Kipimo. Hesabu asilimia, si kilo. Mama mwenye kilo 90 akifika 86.4 na mzee mwenye kilo 70 akifika 67.2, wote wamepungua asilimia 4 na wanapata alama sawa. Alama ya timu ni wastani wa wote, pamoja na yule aliyekwama. Kwa njia hiyo timu itamfuata nyumbani badala ya kumwacha.

3. Lengo. Asilimia 5 hadi 7 inatosha. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari waliwekewa lengo la asilimia 7 pamoja na dakika hizo 150, na wagonjwa wapya walipungua kwa asilimia 58. Asiongezewe alama mtu aliyevuka asilimia 7, wala anayepungua zaidi ya kilo moja kwa wiki.

4. Siri. Muuguzi wa zahanati apime faraghani kila baada ya wiki mbili. Kanisani isomwe alama ya timu tu. Uzito wa mtu ni siri yake.

5. Zawadi. Iwe ndogo na ya kutumiwa na wote, kwa mfano mbegu za mboga na majembe. Itolewe nusu baada ya wiki 12, na nusu nyingine baada ya mwaka mmoja kwa timu iliyodumu.

Wasioshiriki kupungua

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wagonjwa wa kifua kikuu na wote wasio na uzito uliozidi wasiingie kwenye mizani ya mashindano. Wanaotumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu wamwone daktari kwanza, kwa kuwa dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Kwaresima nayo isigeuzwe kuwa shindano. Mfungo ni sala na sadaka, na hauna mshindi.

Nafasi ya kamati na ya wafadhili

Kamati ina uwezo ambao daktari hana, nao ni kuamua nini kinaliwa parokiani. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai 7 hadi 8. Kama kila semina na kila kikao kinaandaliwa soda na maandazi, tunawafundisha waumini kinyume cha tunayohubiri. Maji, matunda ya msimu, maharage na mboga za majani havigharimu zaidi.

Kwa upande wa wafadhili, mahitaji ni machache: mizani moja ya kuaminika, kipimo cha shinikizo la damu, daftari, na posho ya muuguzi kwa siku za kupima. Tunawaomba wasidai idadi ya kilo baada ya miezi mitatu, bali waulize ni timu ngapi bado zinatembea baada ya mwaka.

Na hapa swali la mwanzo linapata jibu lake la pili. Kila timu inaweza kuweka katika kisanduku fedha ambazo zingenunua soda, na jumuiya ikazielekeza kwenye uji wa lishe wa watoto wanaodumaa. Meza moja ya parokia inaweza kutibu njaa na shibe iliyozidi kwa wakati mmoja. Tunashauri jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha kamati, na kikao hicho chenyewe kianze kwa kuandaa maji.