Pikipiki ya Ami na Spana Zake

Wapita njia hapa Kisauni hunikuta Jumapili nimechutama barazani, mikono myeusi kwa oili, nao aghalabu huniuliza: "Bwana, kwa nini usiliuze dude hilo ukanunua jipya?" Dude lenyewe ni BSA Bantam niliyoachiwa na marehemu ami yangu. Huwajibu kwamba jipya likiharibika nitamtafuta fundi, lakini hili nalitengeneza mwenyewe.

Bantam ilianza kuuzwa mwaka wa 1948 na kiwanda cha BSA cha Birmingham, Uingereza, ikaachwa kuundwa mwaka wa 1971. Mchoro wake ulikuwa wa Wajerumani wa DKW, nao ulitwaliwa kama fidia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mchoro huo huo ndio ulioigwa na Yamaha kwa pikipiki yao ya kwanza mwaka wa 1955. Basi vijana wanaopita juu ya Yamaha wakiicheka yangu wajue kwamba wanamcheka shangazi yao.

Adui wa kwanza wa pikipiki kama hii ni spana ya milimita. Nati zake nyingi ni za vipimo vya Kiingereza vya kale, na spana zake huandikwa Whitworth. Ile ya robo inchi ina mdomo wa inchi 0.525, yaani kama milimita 13.3, kwa maana namba iliyoandikwa ni ya unene wa bolti wala si ya upana wa nati. Spana ya milimita 13 haiingii; ya 14 inacheza, na fundi mwenye haraka huipiga nyundo mpaka pembe zote za nati zikalika. Nimeziona pikipiki nzuri zikitupwa kwa sababu hiyo tu. Seti ya spana za ami naifungia kabatini, na mtu akija kuiazima namkaribisha chai badala yake.

Ikikataa kuwaka, usikimbilie kufungua injini. Tazama pointi kwanza. Zikiwa zimeungua, zisugue kwa tupa laini, uzipanguse kwa kitambaa chenye petroli, kisha upime nafasi yake kwa geji: inchi 0.015, karibu milimita 0.4. Wako wanaopima kwa kadi ya harusi, mimi sikubali. Na kama inawaka asubuhi ikiwa baridi, kisha inazimika ikishapata moto, shuku kondensa. Ni kitu kidogo kama kidole, nacho kimewafanya watu wengi wanunue kabureta wasiyoihitaji.

Injini yake ni ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli: nusu lita ya oili kwa lita 10. Ukiiegesha siku nyingi funga bomba la tangi, la sivyo petroli itaruka hewani na kuacha oili peke yake ndani ya kabureta. Wengine huniambia petroli ya siku hizi, isiyo na risasi tangu mwanzo wa 2006, itaiua. Maneno hayo yana ukweli kwa baadhi ya injini za kale zenye valvu, kwani risasi ilikuwa ikivilinda viti vya valvu. Bantam haina valvu hizo, basi nailaza usingizi mwema.

Linaloniumiza kichwa sasa ni sili za krenki. Zimekauka kwa uzee, na injini inafyonza mafuta ya giaboksi: kila wiki mafuta yanapungua huku moshi mweupe ukizidi, hata mama wa jirani ameanza kuhamisha kamba yake ya nguo. Kazi hiyo yataka injini itolewe na kupasuliwa nusu mbili. Sili mpya ninazo tayari, na kijana wa jirani, ambaye amekwisha jua kupima pointi kunishinda, ameahidi kunishikia taa.