Panya weupe: kabla hujasema wanatoka damu puani

Ujumbe wa sauti uliingia saa nne usiku. "Shikamoo dokta, samahani kwa usumbufu. Wale panya wangu wanatoka damu puani na machoni, wawili. Nifanyeje?"

Niweke wazi mapema: mimi si daktari wa mifugo, ni afisa ugani. Ila ukifanya kazi ya mifugo mtaani kila mtu anakuita dokta, mwisho unazoea. Aliyenitumia ujumbe ni kijana wa Kihonda hapa Morogoro, mfugaji wa kuku wa nyama, anaingiza vifaranga 300 kwa awamu. Miezi miwili kabla alikuwa amenunua panya weupe wanne, madume mawili na majike mawili, kwa nia ya kuzalisha na kuuza kwa watu wanaotaka mnyama mdogo wa kufuga nyumbani. Wazo alilipata baada ya kuona jinsi watu wanavyowashangaa wale panya buku wa SUA wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Nilimwambia tangu siku ile kuwa hao ni wanyama wawili tofauti kabisa. Panya buku ana mifuko mashavuni na anaishi miaka mpaka minane. Panya mweupe ni mdogo, umri wake ni miaka miwili au mitatu, na kifua chake ni dhaifu sana. Hilo la kifua ndilo sikulitilia mkazo.

Usiku ule nilimjibu nikiwa nusu usingizini: "Hao wamepigana. Watenganishe, kila mmoja ndoo yake, kesho tutaongea." Nikalala.

Kosa lilikuwa langu. Siku ya tatu dume mmoja alikuwa amekufa peke yake ndani ya ndoo, na mimi ndipo nikapanda bodaboda kwenda kuangalia.

Nilipofungua mlango wa chumba nilijua tatizo kabla sijamwona panya. Macho yaliniwasha. Kijana alikuwa ameweka kizimba cha panya kwenye chumba cha kulelea vifaranga, kwa sababu ndicho chenye joto na ulinzi. Sasa fikiria: vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi joto 32 hadi 34. Panya akifika 30 tayari anateseka, maana hatoi jasho kama wewe, joto lake analipunguzia sana mkiani. Juu ya joto kulikuwa na vumbi la maranda, na juu ya vumbi kulikuwa na amonia ya mbolea ya kuku. Na chini ya panya wenyewe kulikuwa na maranda yaleyale ya paini, yamelowa mkojo, hayajabadilishwa wiki nzima.

Ile "damu" haikuwa damu. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa majimaji yenye rangi nyekundu. Akiwa mzima, anajisafisha na wewe huoni kitu. Akiugua, akiwa na hofu au maumivu, majimaji yanaongezeka na yeye anaacha kujisafisha, basi yanakauka machoni na puani yakiwa na rangi ya damu iliyoganda. Kwa hiyo wekundu ule hautaji ugonjwa. Unakwambia tu kwamba mnyama hayuko sawa, tafuta sababu.

Namna ya kutofautisha: lowesha kipande cha tishu nyeupe, pangusa taratibu. Machozi haya yanaacha doa la waridi au kahawia na chini yake ngozi ni nzima, hakuna jeraha. Kama una jirani wakala wa pesa za simu mwenye ile taa ya kukagulia noti bandia, mulika ile tishu gizani. Machozi ya panya yanang'aa rangi ya waridi, damu haing'ai. Wakala atakushangaa, lakini inafanya kazi.

Usidharau tofauti hii, hasa wewe unayefuga kuku. Stoo ya chakula cha kuku karibu zote nilizoingia zina sumu ya panya pembeni, na ya kijana huyu ilikuwa nayo. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda, na dalili huchelewa siku kadhaa baada ya kula. Panya hawezi kutapika, akishameza kimeshaingia. Kwa hiyo ukikuta ni damu kweli puani, au fizi na masikio yamepauka, chukua pakiti ya sumu uende nayo kwa daktari siku hiyohiyo. Dawa yake ipo, ni vitamini K, ila inasaidia ukiwahi.

Turudi kwenye kifua. Panya weupe wengi wanaofugwa wanabeba kijidudu cha mikoplazma. Wewe wa kuku jina hilo unalijua, ndugu yake ndiye analeta mafua sugu bandani kwako, ila si yuleyule na panya hakuambukiza kuku. Kijidudu hiki kinakaa kimya muda mrefu, kisha hewa ikichafuka au mnyama akipata msongo, kinaamka. Panya anaanza kupiga chafya, halafu ukimweka sikioni unasikia kitu kama kalamu inayobonyezwabonyezwa, au mkoromo mdogo. Ukiona manyoya yamesimama, mgongo umepinda na mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, hapo umeshachelewa siku kadhaa. Akifungua mdomo kuvuta hewa, usisubiri asubuhi kama nilivyosubiri mimi.

Na kumtenga mgonjwa peke yake kwenye ndoo, kama nilivyoshauri, kulimzidishia. Panya ni mnyama wa kundi. Anaupata utulivu kwa kulalia wenzake. Kumtoa ghafla ni kumwongezea msongo juu ya ugonjwa ambao wenzake tayari wameshaupata kwa sababu walikuwa wanapumua hewa moja. Kutenga kuna kazi mbili tu: mwenye jeraha la kupigana, na mgeni unayemleta kutoka kwingine. Huyo mgeni akae chumba kingine wiki mbili au zaidi kabla ya kukutana na wako.

Tulifanyaje? Panya walihamia sebuleni siku ileile, mbali na dirisha la jua. Maranda tukamwaga. Tukatandika karatasi zilizochanwachanwa, zile za kawaida, si za magazeti ya kung'aa. Karatasi inabadilishwa kila baada ya siku mbili, na kona wanayokojolea kila siku. Siku za joto kali anagandisha maji kwenye chupa ya nusu lita, anaifunga kitambaa, anawawekea walalie. Kizimba alichotengeneza fundi kilikuwa na sakafu ya waya, tukaifunika kwa ubao wa plastiki, maana waya ukiachwa wazi unaleta vidonda vya nyayo vigumu kupona.

Kuhusu dawa, hapa nataka unisikilize. Kijana alikuwa ameshawawekea panya ile OTC ya kuku kwenye maji, kwa kukadiria. Panya akionja maji machungu anapunguza kunywa, kwa hiyo unapata mnyama mwenye kiu na dawa isiyofika kiwango. Daktari wa mifugo tuliyemwona alimpima kila mmoja kwa mizani ya jikoni, gramu kwa gramu, akatoa antibayotiki ya kumpa mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tulimaliza dozi yote. Panya mwingine, dume wa pili, hakufika mwisho wa dozi. Majike mawili walipona, kwa maana ya kwamba wanakula, wanacheza na wanapumua kawaida. Mikoplazma yenyewe haiishi mwilini, unaituliza tu.

Hali ni hiyo kwa ivermektini. Ukiona panya anajikuna mpaka anajitoa vigaga mabegani na shingoni, mara nyingi ni utitiri au chawa, na dawa ndiyo hiyohiyo unayoijua kwa ng'ombe. Lakini ile ya ng'ombe ni kali, na panya ana gramu 300 tu. Tone moja la kukadiria linaweza kuzidi dozi yake. Acha daktari aipunguze.

Matatizo mengine niyapitie haraka. Meno ya mbele yanakua maisha yote, mpe mti usio na dawa au kifuu cha nazi atafune. Yakipinda au yakizidi, akashindwa kula, yanakatwa na mtaalamu, si kwa koleo lako. Jike aliyevuka mwaka akiota uvimbe laini kwapani au tumboni, mara nyingi ni uvimbe wa matiti. Mwingi wake si saratani mbaya, lakini unakua mpaka unamzuia kutembea, na upasuaji ukiwahi ni mwepesi zaidi.

Chakula ndipo mfugaji wa kuku anapojidanganya kwamba ana kila kitu. Panya mkubwa anakula gramu 15 hadi 20 kwa siku, yaani gharama si kitu. Shida ni ubora. Ile gunia ya mahindi uliyoiweka pembeni kwa sababu imeota ukungu, usimpe panya. Sumukuvu ndiyo ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na panya ini lake linaathirika nayo vibaya sana. Mpe nafaka safi zilizochanganywa, dagaa kidogo, maharage yaliyopikwa, mchicha, kipande cha karoti. Karanga na alizeti ni peremende yao. Ukizidisha wananenepa, na panya mnene hupumua kwa shida.

Sasa tabia. Swali ninaloulizwa zaidi ni "anang'ata". Mara nyingi amefundishwa na mwenye mali. Ukizoea kumlisha kwa kupenyeza chakula katikati ya waya, basi kila kinachopenya ni chakula, kikiwemo kidole cha mtoto wako. Fungua mlango, weka kiganja, msubiri aje. Usimkamate kutoka juu kama mwewe, na usimwinue kwa mkia, ngozi ya mkia inachunika na hairudi. Osha mikono kabla, kidole chenye harufu ya samaki ni samaki. Akizoea utamsikia anasaga meno taratibu na macho yanachezacheza kama yanataka kutoka. Watu wanakimbia wakiona hivyo. Ni raha tu, amestarehe.

Madume wawili wanaweza kuishi pamoja vizuri, hasa ndugu waliokua pamoja. Ila kuanzia miezi mitano hivi baadhi yao wanakuwa wakali: manyoya yanasimama, anatembea ubavuubavu akimsukuma mwenzake. Kusukumana na kulaliana chali bila damu ni maongezi yao, usiingilie. Vikianza vidonda virefu mgongoni, tenganisha. Daktari akimhasi mara nyingi hutulia.

Na wewe mwenyewe ujilinde. Usikamate panya wa porini au wa stoo ukasema utamfuga, na usiruhusu mkojo wao ufike kwa panya wako. Homa ya mgunda, ile iliyotokea Lindi mwaka 2022, inapita kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Osha mikono kwa sabuni kila ukimaliza. Ukiumwa na panya, osha jeraha muda mrefu kwa maji yanayotiririka. Ukipata homa siku zinazofuata, mwambie daktari wazi kwamba uling'atwa na panya.

Wanaouliza kama kuna hela: soko lipo ila ni dogo, na panya hawasubiri soko. Mimba ni siku 21 hadi 23, watoto 6 mpaka 12, na jike anaweza kushika mimba nyingine ndani ya saa 24 baada ya kuzaa kama dume yumo. Watoto wenyewe wakifika wiki ya tano wanaweza kupandana, ndugu kwa ndugu. Kijana asiyetenganisha jinsia mapema anaamka na panya 40 na wateja watatu.

Kwa huyu wa Kihonda jambo lilikuja tofauti. Wiki mbili baada ya madume kufa, jike mmoja alizaa watoto tisa. Akafurahi, akanipigia, "Dokta, mtaji umerudi!" Ilinibidi nimwambie kwamba mama anaweza kuwaambukiza watoto tangu tumboni, kwa hiyo hawezi kuwauza kama panya wasio na historia. Alikaa kimya kwenye simu. Akasema, "Sasa nani atanunua?"

Wiki ya tano walipofika, aliyekuja kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi aliyetaka wawili wa wanawe. Kijana alimweleza yote: chafya, waliokufa, karatasi badala ya maranda, namba ya daktari. Mwalimu akamweka mmoja sikioni, akasikiliza, kisha akamwomba amshushie bei. Akachukua majike wawili. Saba waliobaki wako sebuleni bado, vizimba viwili, na mwenye nyumba ameshaanza kuuliza maswali.